Kipindupindu cha Clarisse Kinakataa Kuzunguka

Jumatatu, tarehe 9 Septemba

Siku kubwa. Naandika ili wajukuu wasije wakasema hawakuambiwa.

Leo nyumba yangu ya kazi, Casimir Photocopie Internationale, Baraka, barabara ya soko, imeingia katika sayansi. Sayansi yenyewe, si kupiga kopi vyeti vya ubatizo. Clarisse, mtoto wa dada yangu, amekuja na flashi mkononi na shida kichwani. Jumamosi anatetea kazi yake ya mwisho pale chuo cha uuguzi, mbele ya jury. Kazi inahusu kipindupindu: sumu yake inavyolishika tumbo la mtu. Mwalimu wake ametaka sinema. Ile sumu ionekane ukutani, kubwa, ikizunguka polepole, pande zote. Bila sinema hakuna kutetea, angoje mwaka ujao. Na kule Lubondja kuna kituo cha afya kinachomtaka yeye, sasa, na cheti chake. Mwaka ujao watakuwa wamechukua muntu mwingine.

Nikamwambia, mutoto wangu, umefika. Mujomba wako amelala Kigoma, amekula Bujumbura, amepotea Kalemie na akarudi peke yake. Kasumu kadogo kakuzunguka ndiko katanishinda?

Ana programu ya kuchora molekuli, tumeiweka kwenye mashine yangu, kompyuta ya kukunja. Ajabu! Unafungua, unakuta vimipira maelfu vimeshikana kama mayai ya samaki. Unavigeuza na kidole. Lakini ukitaka picha safi, ya kuonyesha wakubwa, lazima uipike. Ndivyo ninavyoita mimi. Programu inamulika taa ya uongo juu ya kila kimpira, inatafuta kivuli chake kinaangukia wapi, ndipo inachora. Clarisse ana neno lake la kitabu. Mimi nasema kupika, na mashine inaniunga mkono, maana inapata joto.

Picha ya kwanza imeiva nikiwa bado natafuta miwani. Nzuri! Ua lenye petali tano na tundu katikati. Mtu angeweza kulitia kwenye kitenge. Na ndilo hilo hilo linalotukimbiza chooni mji mzima!

Furaha ikanizidi. Nilikuwa na kopo la pudra, nimelinunua kwa ajili ya Jumamosi, maana mwanafunzi akifaulu bila kumwagiwa pudra kichwani, ni kama hakufaulu. Nikalifungua. Nikammwagia Clarisse hapo hapo alipokaa, mbele ya mashine. Kichwa, mabega, kiti, meza, vibonye vyote. Clarisse akakohoa, akasema, mujomba, sijafaulu bado! Nikamwambia natanguliza. Mama Zubeda, anayeuza samaki, mikeke na ndagala, kwenye kibaraza changu, akapiga vigelegele bila kuuliza sababu. Jirani wa namna hiyo hapatikani.

Kesho tunapika sinema. Kazi ya asubuhi moja.

Jumanne, tarehe 10 Septemba

Kumbe sinema ni picha nyingi. Clarisse ameeleza: unapiga moja, unaligeuza ua digrii moja, unapiga nyingine, hivyo hivyo mpaka duara lote lirudi mbele. Sawa. Nikakumbuka kasi ya jana, nikafanya hesabu, nikautangazia mtaa kwamba tutamaliza kabla ya bugali ya mchana. Nikatangaza kwa sauti ya kuvuka barabara, ili Bertin asikie.

Nimwandike Bertin. Ana duka la kopi kama langu, ng'ambo, mlango kwa mlango. Tulikaa dawati moja shule ya msingi. Ana mashine mbili, na kila jioni anazifunika kwa kitenge kama bibi harusi. Mwanaume mzima! Mimi mashine yangu inalala uchi, inajua dunia.

Bon. Asubuhi tukaanza. Picha ya kwanza: nimekunywa chai. Ya pili: nimekwenda sokoni kununua mkate, nimerudi, bado. Ya tatu: mteja amekuja kutoka Lusenda kupiga kopi, tumezungumza habari za Burundi tangu enzi za babu yake, ameondoka, bado. Mashine inanguruma kama injini ya mtumbwi, halafu inanyamaza, inapumua, inakuwa nzito kama inapanda mlima wa Minembwe na mzigo.

Nimegusa tumbo lake. Moto! Ugonjwa nimeujua mara moja. Homa.

Dawa ya homa ni ubaridi, na ubaridi uko kibarazani. Mikeke wa Mama Zubeda walikuwa ndio kwanza wametoka ziwani, baridi kabisa. Nikaomba beseni. Nikafunga mashine mfuko wa plastiki kwa chini, nikailaza juu ya samaki. Clarisse akashika kichwa. Mama Zubeda akasema sawa, ila biashara haisimami. Na kweli haikusimama. Akaja mama mmoja, akachagua mikeke wawili, wale wa chini kushoto, nao wakavutwa. Mashine ikainama. Akachagua wengine wa kulia. Ikainama upande huo. Mpaka jioni mashine ilikuwa imekaa juu ya beseni tupu, ina magamba, na paka watatu wanaitazama kwa heshima.

Picha zilizoiva leo: chache hata kuzitaja ni aibu. Bertin amevuka barabara kuuliza kama bugali ya mchana iko tayari. Nimemjibu kwamba chakula kizuri kinachelewa.

Jumatano, tarehe 11 Septemba

Nimefikiri usiku mzima, yaani mpaka nilipolala. Mzigo ukiwa mzito, dawa ni kuupunguza. Kila mchukuzi wa bandarini anajua hilo.

Clarisse alikwenda chuoni kujizoeza kusema. Nikabaki na sumu, sisi wawili. Kwanza nikaondoa vivuli. Nani amewahi kuona kivuli cha sumu? Mashine ikachangamka! Lakini ua likawa bapa, kama limekatwa kwenye kalenda. Nikavirudisha, kwa huzuni. Halafu nikatazama zile petali. Tano. Zote sawasawa. Nikajiuliza, kama kweli zote zinafanya kazi moja, ya nini kuziandika zote? Nikafuta moja. Nikasogeza macho. Haikuonekana sana.

Clarisse aliporudi akahesabu kwa kidole. Akauliza ya tano iko wapi. Nikasema iko nyuma. Akaligeuza ua. Haikuwa nyuma. Nikasema basi imeingia ndani. Akapiga kelele mpaka Mama Zubeda akaingia na kisu cha samaki: Mujomba, umekata kipindupindu changu muguu!

Kumbe zile petali tano ni mikono. Ndizo zinazolishika tumbo. Kwenda mbele ya jury na nne ni kama kwenda kuoa bila bwana harusi. Akanifundisha hivyo kwa upole, huku akirudisha ya tano. Halafu akanionyesha vitone vyekundu vilivyotapakaa kandokando ya ua, mamia. Akasema, ona mujomba, hii iko na maji mingi ya bure, programu inapika kila tone na hakuna atakayeliangalia. Akayafuta yote. Mashine ikakimbia! Ikakimbia kidogo. Ikapata homa. Ikarudia mwendo wa kobe.

Nikamwambia, unaona? Fikra yangu ilikuwa sahihi, nilikosea tu kiungo.

Hakucheka. Alikuwa anajitafuna kucha. Akasema taratibu kwamba watu wa Lubondja wamepiga simu tena. Halafu akasema, tonton Bertin ana mashine mbili.

Nikajifanya sikusikia. Nikamnunulia beignet tatu, maandazi ya kwetu. Akala moja, nyingine zikabaki. Clarisse akiacha beignet, mambo ni mabaya.

Alhamisi, tarehe 12 Septemba

Kwa Bertin siwezi kwenda. Lakini flashi haina sura ya mtu!

Nimemtuma Mama Zubeda. Nimempa flashi, nimemfundisha maneno: aseme ni picha za familia, zipikwe haraka, zirudi leo. Amefunga kilemba kipya kwa kazi hiyo. Nimechungulia kwenye ufa wa dirisha. Bertin amefungua flashi, ametazama, amemuuliza Mama Zubeda tangu lini familia yake ina sumu. Mama Zubeda, mwanamke wa chuma, amemjibu kwamba ni ua la harusi ya binti yake na asiwe na maswali kama polisi.

Akapika. Mashine zake mbili, moja imeshika nusu ya duara, nyingine nusu. Na haraka! Inauma kuandika. Adhuhuri Mama Zubeda amerudi na sinema nzima. Nikaruka. Clarisse akaruka. Tukafungua.

Ua likazunguka, laini, kivuli chake safi. Na juu yake, kutoka kona hadi kona, herufi nyekundu zisizozunguka: CHEZ BERTIN. KOPI, PLASTIKI, PICHA ZA PASIPOTI. TUPO MBELE YA CASIMIR.

Mbele ya Casimir!

Nimevuka barabara. Nimesema maneno mengi, mengine ya Kibembe, ya kwetu, siyaandiki hapa. Bertin amengoja nimalize. Halafu akasema, Casimir, ungekuja na miguu yako mwenyewe, ningekupikia bila jina. Bado naweza. Njoo uniombe, mbele ya batu, useme Bertin nisaidie. Basi.

Nikamwambia afadhali nimeze flashi.

Nimerudi. Clarisse amekaa tu anaitazama sinema ya Bertin, ua linazunguka nyuma ya picha za pasipoti. Amesema si kitu, mujomba. Amesema kwa sauti ile ile ya dada yangu, alipokuwa mdogo, akidondosha mtungi na mimi nikasingiziwa.

Nimeangalia flashi. Ni kubwa. Haimezeki.

Ijumaa, tarehe 13 Septemba

Wageni wanasema Ijumaa ya tarehe kumi na tatu ni mbaya. Wageni hawaijui Baraka!

Asubuhi nimevaa shati la Pasaka. Nimejizoeza mbele ya kioo: Bertin, nisaidie. Mara ya kwanza ulimi ulikataa. Mara ya nne ulikubali. Nikavuka barabara, mbele ya batu wengi, mchana kweupe, kwa ajili ya mutoto wa dada yangu. Nikafika. Mlango umefungwa! Bertin amepanda Fizi kwenye matanga, ameondoka na funguo. Nimesimama pale na ombi langu mdomoni kama mtu aliyeshika chai ya moto bila meza.

Nikarudi taratibu. Karibu na duka langu yuko Néhémie, fundi wa pikipiki. Alikuwa anajaza upepo gurudumu la nyuma. Kabla: limelegea, pikipiki haisukumiki. Baada: dum dum, linadunda, linakimbia. Nikasimama. Nikatazama gurudumu. Nikatazama duka langu. Kitu kikawaka kichwani.

Mashine haina homa. Mashine imeishiwa upepo!

Nikamwita Néhémie na pampu yake, ile ya motori. Akaitazama mashine juu na chini, akasema, mukubwa, mimi sijawahi kujaza kitu kisicho na valvu. Nikamwonyesha yale matundu ya ubavuni. Kwa nini mtengenezaji aweke matundu kama hataki upepo? Akawasha pampu. Clarisse alikuwa ameshakata tamaa kiasi kwamba hakukataza, akazima mashine tu, akakaa pembeni. Nikashika mpira wa pampu, nikauelekeza tunduni, nikainamisha uso karibu ili nisikie upepo ukiingia. Nikasema, fungua!

Puu!

Wingu. Jeupe. Limetoka upande wa pili, limetoka juu, limetoka kwenye vibonye, limenipata usoni lote. Kichwa, nyusi, masharubu, shati la Pasaka. Néhémie mweupe. Clarisse mweupe. Nikatoka nje mbio kutafuta hewa.

Na kibarazani yuko Mama Zubeda. Ameniona, mweupe kichwa mpaka kifua, machozi yananitoka. Akatupa kisu. Akanyanyua mikono. Akapaza sauti mpaka ziwani: Casimir amefaulu! Eee bamama, Casimir amefaulu!

Vigelegele! Bamama wa soko wakaja na vitambaa wakivipunga. Batoto wakaja. Motari wa pikipiki wakapiga honi. Mama mmoja akauliza nimefaulu nini. Mama Zubeda akamjibu, Examen d'État, nini tena, mwache apumue, amengoja sana!

Sasa mimi na Examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari, tuliachana zamani, kwa makubaliano. Ningefanya nini? Niwaambie ni pampu? Wamekuja kwa moyo safi, si vizuri kumharibia mtu furaha yake. Nikawashukuru. Nikatoa hotuba fupi, ya kiasi cha nusu saa, nikawaasa vijana wapende shule. Wakaniletea sucré, soda baridi. Mama asiyenijua kabisa akanipa jogoo.

Ndipo ikafika pikipiki kutoka Fizi, na Bertin nyuma yake. Akashuka. Akaniona mweupe, soda mkono huu, jogoo mkono huu, watu wanaimba. Akauliza kuna nini. Akaambiwa. Akanitazama sana. Nami nikamtazama. Lile ombi langu la asubuhi likarudi tumboni lenyewe. Watu wote wanangoja. Bertin akanipa mkono! Akanipongeza, félicitations. Ilimtoka kama jino.

Nimeingia ndani. Clarisse amewasha mashine, hanioni hata. Picha zinaiva pa, pa, pa, kama bisi kwenye sufuria! Feni inaimba kwa sauti nyembamba. Kabla jua halijaacha paneli zetu juu ya mabati, duara limefunga. Petali tano. Hakuna Bertin. Hakuna pasipoti.

Clarisse amenikumbatia, akanipaka weupe wake juu ya weupe wangu. Halafu akanishika mabega, akasema, mujomba, sikia vizuri, ilikuwa ni pudra. Ile ya Jumatatu. Iliingia kwenye feni, ikaziba, mashine ikachemka, ikajipunguzia mwendo yenyewe isife. Pudra yako, mujomba.

Amechoka, mutoto. Nimemwambia pudra ni furaha, na furaha haizibi kitu. Ulikuwa upepo. Akauliza, na ule weupe ulitoka wapi? Nikamwambia hata mfupa una uboho.

Jumamosi, tarehe 14 Septemba

Amefaulu!

Niandike kwa utaratibu. Ukoo wote tumevaa kitenge kimoja, mimi na jogoo tumekaa nyuma. Jury watu watatu, profesa mmoja ametoka Uvira, ana uso wa mtu aliyepanda gari bovu. Clarisse akaanza kusema, sauti inatetemeka. Wakazima taa. Ua likatokea ukutani, kubwa kama mlango wa kanisa, likazunguka. Ukumbi mzima shingo juu. Sauti yake ikasimama sawasawa, kama imepata mahali pa kushika.

Profesa akasema, simamisha hapo. Rudisha. Kwa nini tano? Nikamshika jogoo mdomo. Nikaifikiria Jumatano. Clarisse akajibu, kila petali ni mkono, mikono mitano inashika kwa nguvu kuliko mmoja, ndiyo maana haibanduki, ndiyo maana tunakimbilia maji ya chumvi na sukari mapema. Hata mimi nilielewa. Profesa akaandika kitu, uso ukalainika.

Halafu akauliza alivyoweza kupika picha safi hivyo kwa mashine ya kawaida. Akajibu, aliondoa maji yasiyo na kazi, na walisafisha feni. Hapo sikuweza kuvumilia. Nikasimama nyuma kabisa, nikasema, upepo, bwana profesa, aseme na upepo! Nikaombwa kukaa. Jogoo akaombwa kutoka.

Distinction, alama ya juu. Dada yangu amelia, mimi nimelia, machozi yamechimba mito miwili kwenye pudra niliyomwagiwa na ukoo. Safari hii tumemmwagia Clarisse nje, uwanjani, kopo moja kati ya mawili mapya niliyonunua. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka iwe nje, na amesimama mbali kabisa na projekta. Sijui kwa nini.

Bertin alikuja. Na zawadi. Ameleta kitenge cha kufunikia mashine. Nimemshukuru, nimekifanya kitambaa cha meza.

Jumapili, tarehe 15 Septemba

Kesho Clarisse anapanda Lubondja, kibegi chake kimeshafungwa. Nimempa jogoo. Amenibusu, amenionya mara mbili kuhusu feni. Anafanana na mama yake, naye alikuwa mtu wa hofu.

Baada ya ibada nimetundika kibao kipya mlangoni: CASIMIR. TUNAJAZA UPEPO KOMPYUTA ZA AINA ZOTE. Bertin amekisoma, amecheka mpaka ameegemea ukuta wake. Acha acheke. Néhémie anataka kuwa mshirika. Nimemwambia tutaona, utaalamu ni wangu.

Mteja mmoja wa Minembwe ameshaweka oda, sinema ya harusi, anaitaka kesho. Nimemwambia itaiva kabla hajamaliza chai.

Halafu nikabaki peke yangu dukani, mimi na mashine. Nikaitazama. Imekaa kimya mezani. Clarisse amemwagiwa. Mimi nimemwagiwa, mara mbili. Hata Néhémie. Na yenyewe, iliyofanya kazi yote, iliyovumilia samaki, hakuna aliyeipongeza! Nikaona aibu kwa niaba ya mji mzima.

Kopo la pili lilikuwa halijafunguliwa.

Nimeimwagia yote. Juu, kwenye vibonye, na yale matundu ya ubavuni nimeyapulizia kwa mdomo, taratibu, ifike moyoni.

Nimeiwasha kidogo kuijaribu. Inakohoa. Imeguswa sana.